Wimbo wa Kadi Namba 1147

Jumanne moja ya Februari 1995, saa nne na robo asubuhi, Zacharia Muigai alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda katika duka la Swaleh la kutengeneza redio, Ruiru, akisubiri kaseti imalize kupiga kelele. Kaseti ilikuwa ndani ya redio. Redio ilikuwa imeunganishwa kwa waya na kibodi nyeusi yenye vibonye vya mpira, na kibodi imeunganishwa na televisheni ambayo fremu yake ilishikiliwa na gundi. Swaleh alikuwa amesema dakika saba. Ilipofika ya nane, Muigai aliuliza kama imekwama.

"Haijakwama, mwalimu. Inasoma."

"Inasoma nini na mayowe yote haya?"

"Hata wewe ukisoma kitu kirefu hivyo bila kuvuta pumzi utapiga mayowe."

Muigai alikuwa na vyeo viwili katika kiwanda cha vitambaa cha Pamba Njema, kule Thika. Alikuwa karani wa muda, yaani mlinzi wa ile saa ya ukutani ambayo wafanyakazi mia nne waliipigia kadi wakiingia saa moja asubuhi na wakitoka saa kumi na mbili jioni. Tena alikuwa mwalimu wa kwaya. Miaka hiyo kiwanda bila kwaya kilikuwa kama mtu bila kitambulisho: kingeweza kusimamishwa mahali na kuulizwa maswali. Mwezi wa tatu mgeni wa heshima alikuwa anakuja kufungua choo kipya cha wafanyakazi, na kwa kuwa choo hakiwezi kufunguliwa kimyakimya, wimbo ulihitajika.

Shida ilikuwa tuni. Mwaka uliotangulia kwaya ilimwimbia mgeni huyohuyo tuni ambayo alikuwa ameshaisikia ikimsifu mtu mwingine, na mtu huyo mwingine wakati huo alikuwa hasifiwi tena. Mgeni alikuwa akila. Aliacha tu kutafuna. Kesho yake ofisi ilitoa waraka: kuanzia sasa tuni iwe mpya kabisa, isiyowahi kutoka kinywani mwa mtu yeyote.

Basi Muigai alikuja Ruiru, kwa sababu alisikia Swaleh ana mashine inayotunga nyimbo bila kinywa. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani, ya zamani. Watoto wa Ulaya waliichezea miaka kumi nyuma, wakakua, wakapata nyingine, na hii ikasafiri na mzungu wa kujitolea aliyefundisha hesabu Ngoingwa. Alipoondoka alimwachia Swaleh pamoja na blanketi. Ndivyo maendeleo yanavyotufikia, yakiwa yameshatumika kidogo.

Programu iliuliza mambo manne. Sauti ngapi. Kasi gani. Furaha kiasi gani, kuanzia sifuri hadi tisa. Na namba.

"Namba ya nini?" aliuliza Muigai.

"Yoyote. Hiyo ndiyo mbegu. Mashine inaipigia hesabu, inatoa noti moja, inapiga tena, inatoa nyingine. Ukibadilisha namba, wimbo unabadilika. Ukirudisha ileile, unapata uleule, hata uizime mwaka mzima. Hapa karatasi inasema uandike namba unayoikumbuka vizuri."

"Na furaha?"

"Wewe ndio unajua mgeni."

"Weka tisa."

Namba ambayo mfanyakazi wa Pamba Njema aliikumbuka vizuri ni ya kadi yake. Watu walisahau siku za kuzaliwa za watoto wao, lakini kadi hawakuisahau. Muigai alizikumbuka zote mia nne. Akaandika yake, 0318. Televisheni ikatoa tuni aliyoipiga mluzi katikati ya meno kila asubuhi kwa miaka kumi na saba, akiwa amesimama kando ya saa.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Ni yako, si umeweka namba yako?" Swaleh alikuwa akichomea waya wa redio ya mtu na hakuinua kichwa.

Akaandika 0562, ya Mwas wa mashine za kufuma. Katika kipande cha nne cha wimbo kulikuwa na kikohozi cha pamba cha Mwas, kirefu, chenye mkwaruzo mwishoni.

"Nikitoe?" aliuliza Swaleh.

"Kiache. Kitakuwa ngoma."

Walijaribu kumi na sita. Zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa zimeshatoka kinywani mwa mtu, kinyume na waraka. Muigai akafikiri atafute namba isiyo na mwenyewe. Kwenye ubao wa kadi kulikuwa na nafasi iliyokaa tupu miaka miwili, 1147. Akaandika hiyo.

Wimbo ulitoka polepole, ukapanda, ukawa mtamu kuliko yote. Muigai aliusikiliza akiwa ameweka mikono juu ya magoti. Kisha akatoa daftari na kuunakili kwa do-re-mi, sauti zote nne. Mkono uliandika ulichoambiwa. Alikuwa ameuzoesha miaka miwili nyuma.

Kadi 1147 ilikuwa ya Gathoni, wa idara ya rangi. Ijumaa moja ya Machi 1993 aliipiga saa moja kasoro dakika mbili asubuhi, akafunga aproni, akapanda kwenye ubao uliowekwa juu ya tangi la rangi, ubao ambao wafanyakazi walikuwa wameulalamikia mara tano kwa maandishi. Wiki hiyo tangi lilikuwa na maruni, ile nyekundu nzito ya sare za shule. Jioni kadi yake haikupigwa. Jumamosi asubuhi Bwana Kiilu, meneja wa wafanyakazi, alimwita Muigai na kumwambia kuna kadi moja imesahaulika, aisaidie. Muigai aliisaidia. Akairudisha saa nyuma, akapiga muhuri: ametoka saa kumi na mbili na dakika nne. Baadaye Nekoye, askari wa lango, alinakili saa hiyo katika kitabu cha lango kwa sababu kazi yake ni kunakili.

Mdogo wake Gathoni, Idah, ambaye alikuwa akikunja vitambaa katika idara ya mwisho, alienda ofisini kuuliza. Mara ya kwanza aliambiwa dada yake ametoroka na dereva wa lori wa Witeithie. Mara ya pili, ameenda Uarabuni. Mara ya tatu, suala linashughulikiwa. Mara ya nne, hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kuajiriwa. Tangi lilimwagwa, likajazwa bluu. Kule Gatuanyaga mama yao alimwomba padre asome misa ya wafu, na padre, mtu wa utaratibu, akasema hawezi kumwombea kama marehemu mtu aliyetoroka. Alete barua ya kiwanda yenye neno moja tu: amefariki. Idah alikuwa akilifuata neno hilo kwa miaka miwili.

Mazoezi yalifanyika kantini, saa ya chakula. Muigai alibandika noti ukutani na maneno chini yake: Karibu mgeni wetu, mwenye macho ya mbali, choo chetu chakusubiri. Sauti ya kwanza walianza. Walipofika mstari wa pili, mikono yao ikageuka maruni, kuanzia kucha hadi viwiko.

Waliitazama. Waliendelea kuimba, kwa sababu king'ora cha kurudi kazini kilikuwa karibu.

"Hii ni ile maruni ya sare," alisema mama mmoja wa sauti ya pili, mtaalamu wa rangi. "Ile ya Machi. Haikupatikana tena hivi."

Idah peke yake aliacha kuimba. Alikuwa amesikia tuni hiyo kila Jumapili tangu utotoni, kando ya karai la nguo, dada yake akifua.

"Mwalimu, hii umeitoa wapi?"

"Ruiru."

"Ruiru kwa nani?"

"Kwa mashine."

"Na mashine imemwonea Gathoni wapi?"

"Haijamwona. Iliulizwa namba tu," alisema Muigai, akapanguza ubao wa kantini ambao haukuwa na kitu.

Jumamosi mchana Idah alifika dukani kwa Swaleh akiwa amefunika mikono kwa leso. Swaleh alimpa kreti ya soda, akasomesha kaseti, akaandika 1147. Wakasikiliza mara tatu.

"Sasa nikuonyeshe kitu, dada," alisema Swaleh. "Mimi nimezipiga hizi namba za kwenu zote. Kila wimbo una vipande kumi na moja. Wa mwalimu, kumi na moja. Wa huyo wa kikohozi, kumi na moja. Nyinyi mnafanya kazi masaa mangapi?"

"Kumi na moja."

"Eeh. Na kila kipande kina mapigo manne. Huu wa dada yako unafika vipande vinane vizuri, unaingia cha tisa, pigo moja, unakatika. Nimejaribu furaha tisa, nimejaribu sifuri. Unakatika hapohapo."

Idah alihesabu kwa vidole vya maruni. Saa moja asubuhi, masaa manane, robo.

"Saa tisa na robo," alisema.

"Mimi sijui mambo ya kwenu. Mimi ni redio tu. Lakini hii kitu haijui kudanganya, haina akili ya kudanganya. Uliza leo, uliza mwaka elfu mbili, itakwambia hivyohivyo."

"Ofisi ilinijibu mara nne, majibu manne."

"Ofisi ina akili," alisema Swaleh, na kumrekodia wimbo kwenye kaseti safi.

Jumatatu Bwana Kiilu alimpokea vizuri. Alikuwa na redio mezani. Alisikiliza wimbo wote, akageuza kaseti aone kama kuna kitu upande wa pili, kisha akaufikiria kama mtu aliyesomea kazi yake.

"Ni nzuri," alisema. "Ina huzuni kidogo. Wageni wakubwa wanapenda huzuni kidogo, bora isiwe yao."

"Inakatika saa tisa na robo, bwana Kiilu. Kadi inasema kumi na mbili na dakika nne."

"Nimesikia. Lakini angalia, mama. Huu ni ushahidi wa nani?"

"Wa Gathoni."

"Gathoni ni mfanyakazi wetu?"

"Alikuwa."

"Faili inasema hapana. Sasa mtu wa nje hawezi kutoa ushahidi juu ya mambo ya ndani. Angekuwa mfanyakazi, ningemsikiliza mimi mwenyewe." Akatazama mikono ya Idah, akavuta karatasi, akaandika. "Na hiyo mikono haiwezi kukaa hivyo mbele ya mgeni. Nitaagiza glavu. Nyeupe. Jozi thelathini na mbili, hata sauti ya nne wanaosimama nyuma wavae, tusionekane tunabagua."

Idah alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha saa. Muigai alikuwa akipanga kadi.

"Ni wewe ulipiga ule muhuri."

Muigai alipanga kadi mbili zaidi. "Nilitumwa."

"Sijauliza nani alikutuma. Unaweza kuufuta?"

"Kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja, na sahihi. Karani wa muda anaruhusiwa."

"Basi futa."

"Idah, nimebakisha miaka mitatu nistaafu."

"Gathoni alikuwa amebakisha masaa matatu atoke."

Kasoro robo, lakini Muigai hakumsahihisha. Alisema atafuta. Alisema siku ya mgeni, watu wote wakiwa wamekusanyika, hakuna atakayethubutu kumzuia. Akamwonyesha kalamu nyekundu, mpya, akaitia mfuko wa shati upande wa moyo. Idah alimwamini, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuamini.

Mgeni wa heshima alitarajiwa saa sita mchana. Kwa unyenyekevu wake alifika saa tisa. Mashine zilikuwa zimezimwa na idara zote kufungwa ili watu wote wakafurahi uwanjani kwa lazima. Kwaya ilipanda jukwaani na glavu zake, nyeupe kama meno ya tangazo. Muigai aliinua mikono.

Waliimba mgeni na macho yake ya mbali. Waliimba choo. Kipande cha nane kikaisha, wakaingia cha tisa, wakaimba pigo moja, na sauti thelathini na mbili zikakatika pamoja. Muigai alikuwa ametunga mwisho wa ziada, wenye amina mbili. Alipunga mikono. Midomo ilifunguka, hakuna kilichotoka. Saa kubwa ya ukuta wa kiwanda ilionyesha saa tisa na robo.

Kisha katika idara ya rangi, iliyokuwa na kufuli, mwanamke mmoja akaanza wimbo upya kutoka mwanzo.

Mgeni aliinamisha kichwa upande wa Bwana Kiilu. "Hiyo nayo ni sehemu ya wimbo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Tumeiweka mbali makusudi."

"Ubunifu mzuri," alisema mgeni, na akapiga makofi, na watu wote wakapiga makofi.

Gathoni alitoka akiwa na aproni yake, maruni ikimchuruzika hadi kwenye viatu. Alipita nyuma ya mahema bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi. Wenzake wa idara walimsogezea nafasi apite. Alifika kwenye ubao wa kadi, akatafuta 1147, akakuta nafasi tupu. Akajipanguza mikono, akaelekea langoni.

Nekoye alifungua kitabu. Alirudisha kurasa, Machi 1993, akapitisha kidole.

"1147. Wewe ulishatoka, mama. Saa kumi na mbili na dakika nne."

"Sijatoka. Niko hapa."

"Nakuona. Lakini siwezi kumtoa mtu mara mbili. Nikikutoa tena, hesabu ya lango itapungua mtu mmoja, nitaulizwa mimi."

Idah alikuwa ameshafika, glavu zimebaki njiani. Alimshika dada yake mkono. Ulikuwa wa moto kiasi, kama maji ya kufulia.

"Umekawia," alisema Idah.

"Nyinyi ndio mmekawia. Maitu yuko?"

"Mama yuko. Anataka kukuombea misa, padre anadai barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kwamba umekufa."

"Si aje aniangalie," alisema Gathoni.

Nekoye aligonga kitabu kwa kidole. Alikuwa mama wa watoto wanne na hakuwa mtu mbaya. "Karani wa muda akifuta hii ya zamani, mstari mmoja tu, namtoa sasa hivi. Mwalimu! Kuja hapa!"

Muigai alikuja. Alikuwa na kalamu mkononi, kifuniko kimeshatolewa. Aliinama juu ya kitabu, akaona mwandiko wa Nekoye, na nyuma ya mwandiko akauona akilini muhuri wake mwenyewe. Bwana Kiilu alikuja pia, akitembea taratibu, kwa maana magari ya mgeni yalikuwa yanawashwa.

"Unasahihisha kitu, Muigai?"

"Kuna saa moja hapa, bwana. Haiko sawa."

"Sahihisha. Kalamu ni yako." Bwana Kiilu hakuwa amekasirika hata kidogo. "Ila ukifuta, safu ya pembeni inauliza sababu. Utaandika sababu gani, na utaandika muhuri ulipigwa na nani?"

Muigai alitazama safu ya pembeni. Ilikuwa nyembamba. Hata hivyo lingetosha jina lake.

"Mwalimu," alisema Gathoni, "bado unapiga ule mluzi?"

"Bado."

"Sawa."

Muigai alirudisha kifuniko kwenye kalamu. Kilishika kwa mlio mdogo, ambao Idah aliusikia vizuri kuliko nyimbo zote za siku hiyo. Magari ya mgeni yakapita langoni, manane, Nekoye akiyaandika moja moja.

Gathoni alingoja kidogo, akauliza ni saa ngapi. Akaambiwa kumi kasoro kidogo. Akasema basi afadhali arudi, kitambaa kikiachwa peke yake kinashika madoa.

Amefanya kazi tangu siku hiyo. Kwa kuwa hayumo kwenye faili, hahitaji likizo, wala ubao wa tangi hauhitaji kutengenezwa kwa ajili yake. Wateja wameisifu maruni. Saa kumi na mbili jioni huja langoni, Nekoye humsomea saa aliyotoka, naye hurudi ndani. Kule Gatuanyaga padre bado anasubiri barua. Choo kilifunguliwa, kisha kikafungwa, kwa sababu hakikuwa na maji.

Desemba ofisi ilitoa waraka mwingine. Iliipongeza kwaya kwa kombe ililopewa na mgeni, ikaagiza tuni ya mwaka unaofuata, yenye huzuni kidogo kama ile, kutoka namba nyingine isiyotumika. Muigai hakuhitaji kwenda kuangalia ubao. Nafasi tupu nyingine zilikuwa nne, mbili za idara ya rangi, moja ya boila na moja ya ghala lililoungua, na mihuri yote ya kutoka aliikumbuka. Jumanne alikuwa tena juu ya kreti ya soda, kaseti ikipiga kelele.

"Zote nne?" aliuliza Swaleh.

"Zote. Tutachagua."

"Furaha ngapi?"

"Tisa," alisema Muigai.

Ilipofika Machi 1996, kwaya ikiwa imejaribu nyimbo zote nne, foleni ya langoni jioni ilikuwa ya watu watano, aproni mbele, wamejipanguza mikono. Idah husimama upande wa barabara na daftari, amewauliza majina na vijiji, na Jumapili hupita vijijini akiwaambia jamaa zao. Nekoye hufungua kitabu, huwasomea mmoja mmoja saa waliyotoka, huwauliza habari za kazi, huwatakia usiku mwema.